Mtani Wangu na Miche Aliyoizuia Isikue

Hivi nyie, mmeshawahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anachukua mkasi anakata mimea yake mwenyewe ili isikue? Simaanishi magugu. Mimea aliyoipanda kwa mkono wake, akaimwagilia asubuhi na jioni, akaifunika kwa nyasi jua lisiiunguze. Mimi nimemwona. Na mtu huyo tumemzika wiki iliyopita kule Usoke, ndiyo maana leo sina habari za kuku wangu wala za jirani yangu na redio yake, mtanisamehe. Nilikuwa uani natwanga kisamvu simu ikalia. Mjukuu wangu, huyu binti anayeniandikia haya maneno ninavyoyasema, akaipokea, akasikiliza, halafu akanitazama. Nikamwambia, "Nani kafa?" Maana mtu akikutazama vile hakuna swali lingine. Akasema, "Bibi, mtani wako." Mimi nikasema, "Mwongo huyo, hajafa, anataka nimpelekee asali." Nikaendelea kutwanga. Nikatwanga mpaka kisamvu kikawa uji, ndipo nikakaa chini.

Kwa wasiojua utani wetu, niwaeleze. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora kwa miguu mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakagombana, wakalishana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakaona heri wawe watani kuliko kumalizana. Toka hapo Mzaramo akifa mimi siendi kulia tu, naenda kufanya fujo. Basi nikashuka kwenye basi pale Usoke, sijasalimia mtu, nikaingia ndani nikalivaa koti lake la kaki, kofia yake nikaibandika, nikatoka uani natembea miguu nje kama bata, nasema kwa sauti yake ile ya puani, "Nyie Wanyamwezi, nani kamwaga maji ya kitalu changu?" Jeneza lilipotaka kutoka nikajilaza chini penye mlango wa ua. "Hatoki mtu hapa! Wazaramo nileteeni nazi kwanza!" Mdogo wake, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, akanijibu papo hapo, "Nazi Usoke nitaitoa wapi, mtani? Amka ubebe jeneza, si kubeba ndiyo kazi mliyozaliwa nayo?" "Nitabeba ukinipa nazi!" "Utabebea nini na shingo yenyewe imeshaisha?" Siku nyingine watu wangeshika mbavu. Siku hiyo, jamani, hawakucheka. Tulicheka wawili tu, mimi na yeye, na kicheko chetu kikagonga ukuta wa bani la kukaushia tumbaku kikarudi kama cha watu waliopotea porini. Nikainua kichwa pale chini nikawatazama. Wote macho kwenye shamba. Shamba limeota magugu mpaka kiunoni, bani limebomoka upande mmoja, hakuna aliyelikandika. Nikajua hawa hawamlilii marehemu peke yake. Nikaamka mwenyewe, nikajipangusa vumbi, nikawaachia njia.

Nilimfahamu mtani wangu kwenye masoko ya tumbaku, miaka ile nilipokuwa nauza chai na vitumbua nje ya ghala la chama cha msingi. Alikuja huku kijana, kuendesha trekta la watu, akaoa Usoke, akabaki, akalima tumbaku mpaka tukasahau kwamba ni mtu wa pwani. Siku ya kwanza kuja kwenye meza yangu mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, alikuwa amelishusha daraja belo lake la majani. Yeye akaketi, akachukua kitumbua, akakizungusha, akakinusa, akasema, "Hiki nacho ni daraja la mwisho, mama. Kimeungua pembeni." Nikamwambia, "Rudisha." "Nishakitemea mate." "Basi wewe ni Mzaramo, maana watu hawafanyi hivyo." Akashtuka, akanitazama, akapiga makofi, "Eeeh, na wewe ni mpagazi!" Basi, tukawa watani kuanzia hapo. Na masoko ya miaka ile, acheni tu! Soko likifunguliwa Usoke nzima inaamka. Fundi baiskeli hana nafasi ya kula, cherehani zinalia mpaka jioni, kuku wanakimbia wenyewe maana wanajua. Wafanyabiashara wanakuja kutoka Nzega na mabati, Waarabu wetu wa Tabora mjini wanaleta vitenge na magodoro, na mimi nikirudi nyumbani sinia ni tupu, nimelibeba kichwani kama kofia. Hakuna mtu aliyetuita wafanyakazi sisi. Lakini wote tulikuwa na kazi, na kazi yote ilianzia kwenye kimche kidogo kama ukucha.

Sasa sikilizeni desturi yake mtani, maana ndiyo iliyomfikisha alikofika. Tumbaku hailimwi na mtu mmoja. Kuna kupanda, kupalilia, kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kukaa na moto wa bani. Kwa hiyo wakulima wa huku huchukua vibarua wa msimu, wanakuja wanaishi shambani kwako na watoto wao, wanakula kwako, mpaka masoko yaishe. Mtani wangu alikuwa na watu wake, mume na mke kutoka Ulyankulu, watu wapole, wazee wao walitoka Burundi zamani. Kila mwaka, kabla hajawaita, alikuwa kwanza anaezeka upya kibanda chao kwa nyasi mpya. Akimaliza ndipo anapiga simu, "Nimeezeka." Basi, hilo neno moja tu. Yule mume akilisikia analiacha shamba lake la mahindi bila kulilima, anafunga mizigo, anakuja na mke na watoto. Hawakuulizana zaidi. Nyasi mpya juu ya kibanda maana yake kazi ipo.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Mtani akasia mbegu kwenye kitalu kama kawaida, kibanda akakiezeka, simu akapiga, watu wakaja. Kilichobaki ni mkataba tu, maana bila mnunuzi kukwambia atachukua kilo ngapi hupati mbolea, na tumbaku isiyo na mkataba hata mbuzi hali. Akaja afisa wa kampuni inayonunua, kijana mzuri tu, na pikipiki yake. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kununua karanga. Akawakusanya wakulima akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mikataba bado. Naomba msubiri kidogo." Mzee mmoja akamuuliza, "Kidogo mpaka lini?" "Mpaka mambo yakae sawa." "Mambo gani?" "Si mnajua, mzee, mwaka wa uchaguzi. Wakubwa wanaangalia kwanza. Kodi zitakuwaje, nani atakaa wapi, na wale wanunuzi wa nje nao wanauliza uliza." Mtani wangu akasimama, akaweka kofia yake sawa, "Kijana, waambie hao wakubwa tumbaku yangu haijajiandikisha kupiga kura." Watu wakacheka mpaka machozi. Na kijana akacheka. Akawasha pikipiki yake, akaenda kusema maneno hayohayo kijiji cha pili.

Miche haijui siasa, inakua tu. Ikifika kimo chake inataka kwenda shambani, na ukiichelewesha inarefuka shingo inalala. Wataalamu wanafundisha kuipunguza majani kidogo ili shina likomae, hilo kila mkulima analijua. Lakini mtani alikuwa anakata, ikichipua anakata tena, ikichipua anakata tena. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kitalu na mkasi wa mkewe wa kushonea. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, kinyozi!" Hakujibu utani, na hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, maana Mzaramo asiyejibu utani ni mgonjwa. Nikachuchumaa karibu yake. "Mtani, unainyoa hii inakwenda harusini?" Akasema, "Naichelewesha." "Mpaka lini?" "Nikijua hilo si ningekuwa waziri?" Tukacheka kidogo. Halafu nikatazama kule kwenye kibanda. Yule mwanamke wa Ulyankulu anakandika ukuta wa bani ambao haujapasuka. Mumewe anapasua kuni juu ya kuni, rundo limefika dirishani. Nikamuuliza, "Na hawa je? Mvua za kwanza zikinyesha bila kazi hapa, na kwao hawajalima, watakula nini mwaka mzima?" Akaendelea kukata. "Nimewaambia wasubiri kidogo." "Waambie waende, mtani. Bado wanawahi kupanda mahindi yao." Akauweka mkasi chini, akanitazama kwa hasira, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. "Nikiwaambia waende, na kesho mkataba ukija, mikono nitaitoa wapi? Utapalilia wewe, mama vitumbua?" Nyie mngemjibu nini?

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa ananisimulia habari za wapagazi. Mimi shule sikukaa, niliishia kwenye kujua kuandika jina langu na kusoma polepole, lakini hadithi za bibi nilizimeza zote. Alisema kuna nyakati watemi walikuwa wanapigana, njia ya kwenda pwani inafungwa. Hakuna aliyewakataza wapagazi kwenda, wala hakuna aliyewaambia nendeni. Ilikuwa habari ya leo njia nzuri, kesho njia mbaya, keshokutwa subirini. Basi Tabora ikajaa wanaume wenye mabega mapana wameketi chini. Pembe zimerundikwa kwa Waarabu, vitambaa vimerundikwa pwani, mizigo ipo, mabega yapo, njia haieleweki. Nikamuuliza bibi, kwani hawakuwa na mashamba? Akasema walikuwa nayo, lakini kila mtu aliogopa kurudi kijijini kulima halafu msafara uondoke bila yeye. Wakakaa, na mvua ikapita juu ya vichwa vyao. Bibi alikuwa akifika hapo anashusha sauti, anasema vita yenyewe iliua wachache, kukaa ndiko kulikoua wengi. Nilikuwa mtoto, nikidhani ni mambo ya zamani yaliyokwisha.

Uchaguzi ukafika, na mnakumbuka wenyewe siku zile zilikuwaje, sitaki kuchokonoa. Ninachosema ni kile nilichokiona kwangu. Mtandao ulizimika. Mjukuu wangu alishika simu kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa, anaigeuza, anaipuliza. Wakala wa pesa pale kona akakaa na kibanda chake kitupu, anasalimia watu tu. Duka ninalonunua sukari lilifunga mapema, na mwenye duka, mzee wa Kiarabu ambaye baba yake na babu yake waliuza palepale, aliniambia huku anashusha mlango, "Mama, leo nenda nyumbani, kaa ndani." Nikamwambia, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nimeshaagiza mzigo, sijui nifute au niache." Yule mzee namfahamu toka nina ujana, sijawahi kumsikia akisema "sijui" juu ya biashara. Niliogopa neno hilo kuliko nilivyoogopa mtaa mtupu. Kwa mtani nilipiga simu haikupatikana. Nikawa namwona tu akilini, na mkasi.

Mtandao ukarudi, maduka yakafunguliwa, redio ikaanza kupiga muziki, watu wakasema haya yamekwisha. Mikataba ikaja mvua zikiwa zimeshakolea, na ikaja midogo. Kampuni ikasema kwa mwaka huu inachukua kiasi hiki tu, tuone kwanza. Mtani akapanda usiku na mchana ile miche yake aliyoinyoa, yeye na wale watu wake wawili. Na sasa ngoja niwaambie nilichokiona nilipokwenda kumtembelea baada ya mwaka mpya. Nilishuka njiani nikaona shamba lote limechanua maua ya rangi ya waridi, kimo cha goti, mazuri jamani, mtu asiyejua angesimama apige picha. Mimi nilikaa chini palepale barabarani. Tumbaku haitakiwi kuchanua ikiwa kimo cha goti. Inatakiwa irefuke ikupite kichwa, itoe majani mapana kama masikio ya tembo, ndipo ichanue na ukate ua lake. Miche iliyoteswa kitaluni huwa haikui tena. Inaona imeshazeeka, inakimbilia kuchanua. Ile miche ilisubiri, kisha ikazeeka ikiwa mtoto.

Nilimkuta mtani ameketi kwenye kizingiti cha kile kibanda. Kitupu. Majivu ya jiko bado yapo, kamba ya kuanikia nguo ipo, watu hawapo. Akaniambia amewaruhusu juzi. Mvua zimeshapita nusu, mahindi ya Ulyankulu yamefika magotini kwa waliopanda, kwao hawana hata shina. Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumtania, nimwambie Mzaramo umehamia kwenye nyumba ya vibarua, ulimi ukakataa. Yeye ndiye aliyesema. "Mtani, unajua nimekuwa nani? Nimekuwa yule kijana wa pikipiki. Ameniambia subiri kidogo, na mimi nikageuka nikawaambia wenzangu subirini kidogo. Yeye hakujua, na mimi sikujua. Lakini hakuna aliyesema hajui." Halafu akasema kitu kingine, "Yule mwanamume hakunitukana. Angenitukana ningelala." Sisemi siasa ndiyo iliyomuua mtani wangu, msije mkanipeleka mahali. Presha alikuwa nayo siku nyingi na dawa alikuwa anasahau. Nasema tu kwamba toka siku ile utani wake ulipungua, ukapungua, na Mzaramo bila utani anabaki na nini?

Mimi si mtu wa uchumi. Uchumi wangu ni vitumbua. Lakini toka nirudi kutoka mazishini nimekuwa nazungukazunguka hapa mjini na macho mengine. Jirani yangu fundi ujenzi ana nyumba tatu zimeishia kwenye lenta, nyasi zimeota ndani vyumbani. Ukimuuliza anasema wenye nyumba hawajafilisika, wamesema tu tuone kwanza. Yule mzee wa sukari siku hizi anaagiza kwa msimu mmoja, zamani aliagiza kwa mwaka, na kijana aliyekuwa anampakulia magunia ameambiwa apumzike. Mnunuzi wa asali anakuja, anaonja, anasifu, anaondoka. Hakuna aliyefukuza mtu kwa ubaya. Hakuna njaa iliyotangazwa. Kila mmoja amekunja mkono wake kidogo tu, anamtazama mwenzake, na mwenzake anamtazama yeye. Na ukisikiliza vizuri utasikia mji mzima unasema neno moja, kwa upole kabisa, kwa tabasamu: subiri. Mimi napenda sana mji wangu, napenda kelele zake, lakini upole huu unanitia baridi. Mtu anayepiga kelele unajua yuko wapi.

Siku ile ya mazishi, jioni watu walipotawanyika, nilimwona yule mwanamume wa Ulyankulu ameketi peke yake kwenye gogo nyuma ya bani. Alikuja na mkewe, wamekuja na gunia la mahindi kwa ajili ya msiba. Nikamsalimia, akasema, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, baba. Mmefanya vizuri kuja." Akasema, "Mzee alikuwa mtu wetu." Mdomo wangu huu usiotulia ukamuuliza, "Ile habari ya mwaka jana mlimsamehe?" Akatabasamu akitazama chini. "Hatukuwa na hasira na mzee, bibi. Watoto walikula michembe, viazi vikavu vile, mpaka ikaisha, tukaomba omba, Mungu akasaidia. Mwaka huu nimelima kwangu." Nikamwambia, "Na mama mjane huyu akiezeka kibanda akakupigia simu?" Akaokota kijiti, akakivunja. "Siendi tena kwa mtu, bibi. Hata nyasi ziwe mpya. Na wenzangu wote kule kwetu wanasema hivyohivyo." Alisema kwa sauti ya chini, bila chuki yoyote, kama mtu anayekwambia kisima kimekauka. Nilielewa basi kwa nini watu hawakucheka. Ile simu ya neno moja ndiyo iliyokuwa inaendesha Usoke, si mikataba. Mikataba inaweza kurudi kesho. Lakini ukipiga simu ukasema "nimeezeka," na upande wa pili mtu akakata, hiyo unairudisha kwa mkataba gani?

Mjane naye akanishika mkono wakati naaga. Ameshaandaa kitalu, mbegu anayo, msimu ndio huo umekaribia. "Dada, nisie nisisie? Kampuni wamesema watatuma mtu mwingine kutueleza, yule kijana ameacha kazi." Nikamwambia sijui. Niliona aibu kusema hivyo, lakini yeye alishusha pumzi kama mtu niliyempa maji. Akasema, "Angalau wewe umesema."

Nimerudi Tabora nikakuta vicheko nyumbani. Mjukuu wangu huyuhuyu, aliyesoma kilimo akamaliza, akakaa nyumbani na cheti chake mpaka nikaanza kuogopa kumtuma dukani nisimuumize, ameitwa kazini! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikamkumbatia, nikamtemea baraka, nikachinja yule jogoo mkorofi. Tukala. Tulipokuwa tunanawa mikono ndipo nikauliza, "Haya mama, kazi yenyewe ni ya nini?" Akasema, "Kampuni ya tumbaku, bibi. Nimepewa pikipiki. Naanzia Usoke." Maji yakanimwagikia miguuni. "Utakuwa unawaambia nini wakulima?" "Habari za mikataba." "Na mikataba ipo?" Akawa anapangusa mikono, anapangusa tu. "Bado, bibi. Wametuambia tuwaambie wasubiri kidogo." "Na wewe unajua ni kidogo mpaka lini?" "Sijui. Hata bosi wangu hajui, anasubiri kuambiwa na wakubwa, na wakubwa nao wanaangalia hali ya nchi." Basi nikamsimulia yote haya niliyowasimulia nyie, na miche, na maua, na yule mwanamume na kijiti chake.

Nikamwambia, mjukuu wangu, nchi haiwezi kukosa siku za wasiwasi, hata babu zetu walizipata. Wanaoongoza wakigombana, njia inafungwa, hilo si lako wala langu. Lakini mtu aliye chini akijua kwamba hujui, anaweza kujipanga. Atapanda mahindi, atafuga, atarudi kwao mapema, atakula. Ukimwambia subiri, umemfunga miguu, na kamba umeshika wewe, hata kama na wewe umefungwa na mwingine. Akasema, "Bibi, nikiwaambia kwamba sijui, watalima mahindi, na wakilima mahindi mimi nina kazi gani? Wataniondoa kabla sijamaliza msimu." Nikamwambia, "Ndiyo, wanaweza kukuondoa." Sikumdanganya. Akaketi kwenye kigoda, akafunika uso kwa viganja, nami nikamwacha, maana najua alivyoisubiri hiyo kazi. Nje pikipiki yake mpya imesimama, watoto wa mtaa wanaishika shika. Nilidhani analia. Alipotoa mikono usoni macho yalikuwa makavu.

"Nakuahidi, bibi," akasema. "Nitaanzia kwa yule mama mjane. Kama sijui, nitamwambia sijui, na nitamwambia kabla ya mvua."